Wivu ndani ya ndoa: ulinde agano bila kumfunga mwenzako

Biblia haikatai kila wivu. Kutoka 34:14 inamwita Mungu mwenyewe mwenye wivu, kwa sababu ya agano. Husuda ndiyo Mithali 14:30 inayoiita ubovu wa mifupa. Kwa hiyo jiulize kwanza: nalinda agano, au naogopa tu kuachwa?

Tuseme mume anafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali Dodoma, amerudi saa 3 usiku, na simu ilikuwa imezimwa. Usiipekue akiwa bafuni. Ukikuta kitu, ugomvi utahamia kwenye upekuzi wako. Usipokuta, kesho utapekua tena. Tenga ulichokiona na ulichokidhania, omba, kisha ongeeni wawili kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, kabla ya mama mkwe au mchungaji kusikia. Waefeso 4:26 inataka hasira isilale, ila mwenye njaa mpe kwanza ugali na mlenda.

Mwambie, "Ukichelewa bila taarifa naingiwa na hofu," usianze na "Wewe siku zote..." Kubalianeni jambo moja linalopimika, mfano ujumbe kabla ya saa 12 jioni.

Kukiwa na kipigo, usikae kuombea tu: toka, nenda dawati la jinsia na watoto polisi.