Kupandisha Mbwa Wenye Jeni Fiche ya Manyoya Marefu

Wazazi wawili wenye manyoya mafupi wakizaa mtoto wa manyoya marefu, lawama nyingi huangukia dume. Si haki. Manyoya marefu hutokana na jeni fiche, nayo haionekani mpaka mtoto arithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mtoto huyo mmoja, ukiwa na hakika na baba yake, anatosha kuthibitisha kwamba wazazi wote wawili ni wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja isiyoonekana.

Jeni yenyewe inaitwa FGF5. Kazi yake ni kuuambia unywele uache kukua. Nakala zote mbili zikiwa na hitilafu, unywele hukua muda mrefu zaidi kabla ya kudondoka. Tuandike L kwa nakala nzima na l kwa yenye hitilafu. Mbwa wa LL na wa Ll kwa kawaida huwezi kuwatofautisha kwa macho.

Kabla ya kupandisha, piga hesabu. LL kwa Ll: hakuna mtoto wa manyoya marefu, ila kila mtoto ana nafasi nusu ya kuwa mbebaji. Ll kwa Ll: robo LL, nusu Ll, robo ll. Ll kwa ll: nusu Ll, nusu ll. Watu wengi hukosea hapa kwa kudhani robo ni ahadi. Kila mtoto huanza hesabu yake upya, na wabebaji wawili wakizaa watoto 8, kuna takriban nafasi 1 kati ya 10 kwamba wote watatoka na manyoya mafupi. Kwa hiyo uzao mmoja safi hausafishi jina la mtu yeyote. Na hata wale wa manyoya mafupi kutoka kwa wabebaji wawili, theluthi mbili yao hutarajiwa kuibeba l.

Njia ya uhakika ni kipimo cha maabara. Sugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, ukikizungusha kwa muda ambao maelekezo ya maabara yanataka, kisha kiache kikauke hewani kabla ya kukifunga, maana unyevu huleta ukungu. Kijiti kimoja, mbwa mmoja, jina liandikwe papo hapo. Mtoto anayenyonya mtenge na mama na ndugu zake kwanza, kwa saa moja au zaidi: chembe za mama zikibaki mdomoni mwake, unaweza kupokea majibu ya mama.

Uliza pia maabara inapima hitilafu zipi. FGF5 ina zaidi ya moja, na baadhi hupatikana katika aina chache tu za mbwa, kama Afghan Hound na Akita. Kipimo cha ile iliyoenea peke yake kinaweza kumwita mbwa LL ilhali sivyo.

Kama maabara haipatikani, tazama watoto ambao mbwa wako amekwisha kuzaa na mwenza wa ll. Watoto 5 mfululizo wa manyoya mafupi hupunguza uwezekano wa kuwa mbebaji hadi kama asilimia 3, na watoto 7 huushusha chini ya asilimia 1. Kama mwenza alikuwa Ll, utahitaji watoto 16 au 17 kufikia hapo. Kuzalisha watoto kwa ajili ya jaribio hili tu hatukushauri. Kila mmoja anahitaji makao.

Ukimpata mbebaji, usimtupe. Mbwa mwenye nyonga nzuri, moyo imara na tabia tulivu mpandishe na LL, pima watoto, chagua. Kuwaondoa wabebaji wote kwa mkupuo hupunguza utofauti wa damu katika ukoo, na magonjwa fiche mengine hupata mwanya. Manyoya marefu hayamdhuru mbwa.

Rangi iliyofifia ni habari nyingine. Jeni yake, MLPH, nayo ni fiche, lakini katika baadhi ya aina mbwa wa dd, yaani mwenye nakala mbili za hitilafu yake, hunyonyoka na kupata vipele kwenye sehemu zilizofifia. Hapo usipandishe mbebaji kwa mbebaji.

Angalia pia ndevu na nyusi za mbwa kama Portuguese Water Dog: zinaletwa na jeni tawala, RSPO2, ambayo nakala moja tu inatosha kuonekana, hivyo kinachojificha ni kukosekana kwake. Wazazi wawili wenye ndevu wanaweza kuzaa mtoto wa uso laini, na hesabu ni ile ile ya robo.