Kupima kasi ya mchirizi wa plazma kwenye korona ya Jua

Kwenye korona, yaani angahewa ya nje ya Jua, mistari ya sumaku yenye mielekeo inayokinzana ikisukumwa pamoja, hukatika na kuungana upya kwa mpangilio mwingine. Nishati inayofunguka huchemsha plazma (gesi yenye chaji za umeme) na kuirusha kama mchirizi. Kasi ya mrusho huo unaweza kuipima mwenyewe kwa picha za AIA, darubini za SDO, setilaiti inayolitazama Jua; picha hizo hutolewa bure.

Anzia kwenye tundu la korona, lile eneo jeusi kwenye picha za mwanga wenye urefu wa wimbi wa angstromu 193. Weusi wake ndio unaofanya mchirizi mdogo uonekane. Tafuta umbo la Y iliyopinduliwa: nguzo nyembamba juu, miguu miwili chini, na doa linalong'aa kando ya mguu mmoja. Juu yake weka ramani ya sumaku ya HMI, chombo kingine cha SDO, ya muda uleule. Nyeupe na nyeusi, yaani sumaku za mielekeo inayokinzana, zikiwa zimebanana chini ya doa, hapo ndipo mahali unapotafuta. Karibu na ukingo wa Jua usiitegemee ramani hiyo.

Milipuko mikubwa iache kwanza. Sensa hujaa mwanga, ukamwagikia pikseli za jirani, na mistari iliyonyooka unayoiona ni kasoro ya picha tu.

Pakua kila fremu, yaani moja kila sekunde 12. Wengi hukosea hapa: huchukua picha kila dakika 5, na mchirizi unaodumu dakika 10 huwaachia nukta mbili tatu za kupimia.

Chora mstari kufuata nguzo, upana wa pikseli 5, utoe wastani wa mwanga katika upana huo. Panga vipande vya kila fremu bega kwa bega. Mchirizi utatokea kama mstari wa mshazari, na mwinamo wake ndio kasi. Pikseli 1 ni kama kilomita 435 Juani. Ncha ikisogea pikseli 40 kwa sekunde 96, ni kilomita 17,400. Gawa kwa 96, upate kama 181 kwa sekunde.

Hicho ni kiwango cha chini, kwa sababu picha haionyeshi mwendo wa kuja kwetu. Tena kinachosogea pichani ni mwanga, na huenda ni wimbi linalopita. Kwa hiyo tafuta spektra (mwanga uliotenganishwa kwa rangi zake) za setilaiti ya IRIS au za EIS, kifaa kilicho kwenye setilaiti ya Hinode: plazma ikitujia kweli, mistari ya spektra husogea upande wa bluu.