Namna ya Kuingia Kijiji cha Fiji kwa Adabu

Kijiji cha Fiji, ambacho wenyeji hukiita koro, kina wenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ya nchi hiyo ni mali ya koo ziitwazo mataqali, na mara nyingi hata maji ya pwani yaliyo mbele ya kijiji yana watu wenye haki ya kimila ya kuyavua, kwa hiyo mgeni anayepita katikati ya nyumba akipiga picha bila kujitambulisha ameingia uani kwa watu bila hodi. Hodi ya Fiji ni sevusevu, yaani kumkabidhi mkuu wa kijiji zawadi ya mizizi ya yaqona, mmea unaotengenezewa kinywaji, na kuomba kupokewa. Ukiifanya vizuri, mengine yote yatakuwa mepesi.

Kwanza tafuta mwenyeji. Iwe unakwenda Navala, kijiji cha milima ya Ba kinachojulikana kwa nyumba zake za kuezekwa kwa nyasi ziitwazo bure, au vijiji vya visiwa vya Yasawa, mwombe mwenye nyumba ya wageni au kiongozi wa safari apeleke habari mapema kwa turaga ni koro, ambaye ni msimamizi wa shughuli za kijiji. Epuka kufika Jumapili, isipokuwa umealikwa kanisani: Wafiji wengi wa asili ni Wakristo wa Kimethodisti, na siku hiyo kijiji hutulia, kazi na michezo husimama.

Yaqona ni mmea wa jamii moja na pilipili manga, nayo hupatikana katika masoko ya Nadi, Lautoka na Suva. Ingawa huuzwa pia ikiwa unga, kwa sevusevu nunua mizizi mikavu isiyosagwa, iliyofungwa kwa fungu. Nusu kilo ni kipimo cha kawaida. Jipatie pia sulu, kitambaa cha kufunga kiunoni ambacho mtu wa pwani yetu atakiona kama kikoi, na nguo inayofunika mabega. Ukifika mpakani mwa kijiji, vua kofia na miwani ya jua, na begi la mgongoni libebe mkononi. Wafiji hukihesabu kichwa kuwa kitukufu, na ndiyo sababu pia usimpapase mtoto kichwani, hata kwa mapenzi.

Mlangoni acha viatu, ingia ukiwa umeinama kidogo, kisha ukae upande wa chini, karibu na mlango, kwa kuwa upande wa juu ni wa wakubwa. Kaa kwa kukunja miguu juu ya mkeka wa majani ya mkadi, na usiinyooshe kuelekea tanoa, bakuli kubwa la mbao ambamo kinywaji huchanganywa. Fungu la mizizi huwekwa mkekani mbele ya mkuu, na msemaji wako huzungumza kwa niaba yako kwa Kifiji. Maneno yanaweza kuwa marefu. Sikiliza kwa utulivu na usimkatize, kwani hapo ndipo mkuu anapoelezwa wewe ni nani na umetoka wapi. Mkuu akiipokea zawadi, umekuwa mgeni wa kijiji kizima.

Ndipo unga wa yaqona hukamuliwa ndani ya maji kwa kitambaa, na kinywaji cha rangi ya matope hugawiwa kwa bilo, yaani kifuu cha nazi. Zamu yako ikifika, piga kofi moja la viganja vilivyokunjwa, lenye mlio mzito, sema “bula”, pokea, unywe yote kwa mkupuo mmoja, rudisha kifuu, kisha upige makofi matatu. Ulimi utaingia ganzi kidogo. Hilo ni la kawaida. Kipimo huombwa kwa lugha ya bahari, maji kujaa au maji kupwa, na anayeanza ninamshauri aombe maji kupwa. Yaqona si pombe, lakini hulegeza mwili, hivyo usiichanganye na pombe wala usiendeshe gari baadaye. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini na anayetumia dawa waombe radhi mapema, nao wataeleweka.

Baada ya hapo kaa na watu. Chakula cha lovo, yaani magimbi, muhogo, samaki na nyama vilivyofukiwa ardhini juu ya mawe ya moto, huchukua saa kadhaa kuiva, na mazungumzo ya kungojea ndiyo sehemu bora ya ziara. Ukipita mbele ya waliokaa, inama na useme “tulou”. Usisifu mno kitu cha mtu, kwani anaweza kujiona amewajibika kukupa. Zawadi za nyongeza, kama sukari, majani ya chai au unga, mpe mwenyeji wako; usigawe fedha wala peremende kwa watoto njiani. Picha piga baada ya kuruhusiwa.

Kuondoka nako kuna hodi yake, iitwayo i tatau: mgeni aliyelala kijijini humrudia mkuu na fungu jingine la yaqona, hushukuru na kuomba ruhusa ya kwenda. Kwa hiyo ukiwa sokoni, nunua mafungu mawili.