Ukienda Bloody Scotland kuwasikiliza waandishi wa riwaya za uhalifu, fanya hivi

Kwa wale mnaopenda riwaya za upelelezi na mko Uingereza, au mna safari ya huko mwezi wa tisa, mji wa Stirling, Scotland, kuna tamasha linaitwa Bloody Scotland, limeanza 2012, walioanzisha ni waandishi wenyewe, Lin Anderson na Alex Gray, na kazi ya hapo ni moja tu, waandishi wanakaa jukwaani wanaongelea vitabu vyao na wewe unasikiliza na kuuliza.

Kufika sio shida, treni kutoka Glasgow au Edinburgh haimalizi saa nzima, alafu stesheni hadi Albert Halls, ukumbi wa tamasha, unatembea kwa miguu. Ila mji wa zamani uko mlimani na mvua ya kule haina taarifa, vaa raba, beba koti.

Tiketi inakatwa kwa kila kikao. Za waandishi wenye majina makubwa kama Ian Rankin na Val McDermid zinaisha mapema, sawa kata moja, lakini usimalizie hela zote hapo, mi naona vikao vitamu ni vile vya waandishi watatu wenye mada moja maana wanabishana, mmoja anasema yeye lazima apange kila sura kabla hajaandika, mwenzake anasema akipanga tu hadithi inamfia mkononi. Na tafadhali usichelewe kuingia! Kabla ya kikao kikubwa huwa wanampandisha mwandishi mchanga asome kitabu chake dakika chache tu, unamwona karatasi inamtetemeka, alafu ikifika sentensi ya pili ukumbi mzima kimya. Hao ndio wa kuandika majina yao kwenye simu.

Kabla hujaenda soma hata kitabu kimoja. Kama hujui uanzie wapi, anza na Laidlaw ya William McIlvanney, ya 1977, mpelelezi wa Glasgow, na tuzo kubwa ya tamasha imepewa jina la huyo mzee. Ukiisoma utaelewa kwa nini jukwaani wanaongea sana habari za mitaa, umaskini, na mtu kaharibikia wapi, kuliko nani kaua.

Kwenye maswali, usitaje muuaji, wenzio hawajasoma! Uliza fupi na uliza ufundi, mfano "ulimjua muuaji tangu mwanzo au ulikutana naye njiani?", hapo mwandishi anakaa sawa kwenye kiti anaanza kufunguka.

Na usijione mgeni sana. Bwana Msa wetu, yule wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, ana undugu na mpelelezi Sherlock Holmes, na aliyemtunga Holmes, Arthur Conan Doyle, kazaliwa Edinburgh 1859, akamchora kwa kumtazama mwalimu wake wa udaktari, Joseph Bell. Yaani ukoo wa mpelelezi wa Zanzibar unapita Scotland. Mweleze hilo mwandishi ukiwa kwenye foleni ya kusainiwa kitabu, wengi hawajawahi kulisikia.

Kwenye hiyo foleni wakikupa kile kikaratasi cha kunata uandike jina lako, andika kwa herufi kubwa, jina kama Mwanaidi au Nyamizi mwandishi hawezi kulibahatisha kwa kusikia, na kitabu ni chako maisha yako yote.