SOMO: Kuhama kwa wazee mara ya mwanzo, hatua kwa hatua (Unguja)

Assalaam alaykum.

Suali hili, kijana ahame vipi kwa wazee akakodi pake, naulizwa kila siku, mara na vijana wa mtaani, mara na wanafunzi niliowasomesha zamani, na kila mmoja namjibu upya tangu mwanzo. Sasa naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Linamhusu kijana anayetoka kwao kwenda kukodi hapa mjini na pembezoni mwake: Mwanakwerekwe, Fuoni, Kiembesamaki, Mtoni, Mwera, mpaka Tunguu. Wa Pemba mengi yatamfaa pia.

Wengi wanadhani kuhama ni kutafuta chumba. Chumba kinapatikana. Kinachowaumiza watu ni kutojua nani aambiwe mwanzo. Wazazi kwanza, halafu sheha (mkuu wa shehia, yaani wa mtaa), halafu majirani. Ukiipindua safu hiyo, habari zako zitafika barazani kabla yako, na utatumia mwaka mzima kujieleza.

1. Hesabu pesa. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mbele. Tuseme chumba na ukumbi ni laki na nusu kwa mwezi: hiyo laki tisa. Dalali kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, laki na nusu nyengine. Milioni na elfu hamsini imeshakwenda, na hujanunua hata ndoo. Usikope kodi ya mwanzo. Miezi sita ni mifupi, ya pili itakukuta bado unalipa deni la ya kwanza.

2. Sema na wazee. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Nililipa kodi kwanza, nikapanga nitasema Ijumaa, na mama akaipata habari sokoni Darajani kwa mtu anayejuana na dalali. Hakunigombeza. Alinyamaza, baba naye akanyamaza, ikabidi nimwendee ami yangu aje akae nao. Basi nisikilize vizuri katika hatua hii kuliko zote.

Kabla hujamwita dalali yeyote, kaa na mama peke yake, baada ya sala ya Isha, watoto wameshalala. Usimwambie "nimeamua". Mwambie "naomba ruhusa", na uwe umekusudia kweli kuomba, kwa maana anaweza kukwambia subiri mpaka Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na inafaa usubiri. Mpe sababu ya kweli: kazi iko mbali, kaka ameoa na chumba kinahitajika, unajitayarisha kuoa. Neno "uhuru" liache, kwa sababu mzazi akilisikia anauliza nyumba yake ilikuwa jela ya nani. Halafu mwambie kisichobadilika: mchango wako wa mwezi pale nyumbani, chakula cha mchana cha Ijumaa, nani atampeleka bibi hospitali. Haya usiyaache hewani, yataje moja moja.

Baba akiwa mgumu, pitia kwa ami au mjomba. Usimpeleke rafiki yako, hata awe mwenye busara vipi.

Tahadhari: usihame nyumba ikiwa na msiba. Usihame Ramadhani imekaribia, mama akaja kufuturu na kiti chako kitupu. Na usibebe kitu cha nyumbani ambacho hujaambiwa "chukua", hata godoro ulilolalia tangu skuli. Likiwa lako, utapewa.

3. Tafuta nyumba. Tembea kwa miguu, uliza dukani na msikitini, dalali awe wa mwisho. Ukiweza, tafuta wakati wa masika, mwezi wa nne hivi, kwa sababu mvua ndiyo inayokwambia kweli ya nyumba. Kuna sehemu za Mwanakwerekwe na Ziwa Maboga maji huingia ndani. Ukienda kiangazi, tizama kuta kwa chini: mstari wa rangi nyengine ni alama ya maji yalipofika.

Fungua mfereji mwenyewe. Usiulize "maji yapo?", uliza "yanakuja saa ngapi, na siku ngapi kwa wiki?" na umuulize jirani, si mwenye nyumba. Mitaa mingi maji ya ZAWA, mamlaka ya maji, yanatoka usiku. Kama ni kisima, onja. Karibu na pwani vingi vina chumvi, na chumvi hiyo haitengenezi chai na haitoi povu la sabuni. Ghorofa ya juu, kama kule Michenzani, panda mpaka juu ndio ufungue mfereji.

4. Umeme. Uliza kama meta ya Tukuza, ile ya kununua umeme kabla ya kutumia, ni yako peke yako. Meta ya watu wengi inazaa ugomvi: wewe una taa mbili na feni, mwenzako anauza barafu, na mnagawana sawa kwa sawa. Kama ni ya peke yako, nunua umeme kidogo mbele ya mwenye nyumba kabla hujalipa kodi, muone uniti ngapi zinaingia. Meta yenye deni la zamani itakula pesa yako. Na weka taa ya kuchaji. Umeme wetu Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari unaoibukia Fumba, na waliokuwepo mwisho wa 2009 mpaka mwanzo wa 2010 wanakumbuka miezi mitatu ya giza.

5. Karatasi. Andikeni: kodi kiasi gani, miezi mingapi, nani analipa maji, nani anaziba paa likivuja, na notisi ya muda gani. Mashahidi wawili, mmoja wako. Chukua risiti kila unapolipa.

Mwenye nyumba akiwa jamaa yako ndio uandike zaidi. Najua, muhali. Utamwambiaje shangazi "tuandikiane"? Mwambie hivi: "Shangazi, mimi ni mtoto kwako, sitaki siku moja watu waseme nimekudhulumu." Hapo karatasi inakuwa ya kumlinda yeye. Nyumba za jamaa ndizo watu wanazotolewa kwa ujumbe wa simu, kwa sababu mtoto wake anarudi kutoka Oman wiki ijayo, na huna pa kusemea.

6. Sheha. Pita kwa sheha wa kwenu akuandikie barua, umpelekee sheha wa shehia unayohamia pamoja na kitambulisho chako cha Mzanzibari. Fanya wiki ile ile. Siku ukitaka barua ya mkopo au ya kazi, sheha asiyekujua hatakuandikia, na atakuwa na haki.

7. Kuhamisha vitu. Kirikuu kimoja kinatosha. Vitu vichache, gari ya ng'ombe. Hama asubuhi, usihame usiku kama mwizi.

8. Vitu vya mwanzo. Godoro, chandarua, ndoo mbili na dumu za maji, jiko, sufuria mbili, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, mkeka kwa wageni. Kabati na televisheni vitakuja.

9. Majirani. Siku ya kwanza piga hodi nyumba ya kulia, ya kushoto na ya mbele. Jitaje jina na wewe ni mtoto wa nani. Dakika tano. Halafu mwite mama aje afukize udi na asome dua. Mwite yeye wa mwanzo, kabla ya marafiki.

MASUALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mwera: Chumba bei gani?

Mwandishi: Wapi? Cha choo ndani au cha nje? Kina maji? Soma hatua ya 1 na ya 3, halafu uliza tena.

Kijana wa Mwera: Nimeuliza tu kaka. Basi nipe namba ya dalali.

Mwandishi: Sitoi namba za watu. Hatua ya 3 inasema dalali awe wa mwisho.

Abuu Swaumu: Kwa heshima, somo hili linawafundisha vijana kuwakimbia wazee. Sisi tumekaa na wazee wetu mpaka tumeoa, na wengine mpaka tumewazika.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Hatua ndefu kuliko zote hapo juu ni ya kuomba ruhusa ya wazee, na imesema wazi mama akikwambia subiri, subiri. Vijana wanahama hata nisipoandika. Wanaohama bila ya kuaga ndio wanaokimbia, na ninaandika ili wapungue. Kama kuna mstari niliowavunjia wazee heshima, nioneshe nitaufuta.

Abuu Swaumu: Marahaba. Mstari huo haupo. Lakini ongeza kuwa mtoto wa pekee asihame.

Mwandishi: Sitaliongeza kama amri. Ila nakubali kuwa mtoto wa pekee akihama, asivuke mtaa wa pili.

Bint Wete: Mimi nimepata nafasi chuoni SUZA, Tunguu, natokea Pemba. Baba anataka nikae kwa halati yangu, dada wa mama, Jang'ombe. Mimi naona ni mbali na halati ana watoto sita. Msichana anaweza kukodi, au nitatia aibu?

Mwandishi: Dada, ahsante kwa suali zuri. Mwaka wa mwanzo kaa kwa halati. Nakwambia hivyo kwa sababu hujaujua mji, na katika mwaka huo utajuana na wasichana wenzako wa darasa. Mwaka wa pili mrudie baba na jambo kamili: wasichana watatu mnaojuana, nyumba karibu na chuo, mwenye nyumba mwanamke anayekaa ua huo huo. Muombe halati awe wa kwanza kuiona nyumba, na yeye ndiye ampigie baba simu. Siku ya kuhamia, kaka au mjomba aje asalimie majirani, waone kuwa una watu. Aibu inakuja pale watu wasipojua wewe ni nani na umetoka kwa nani. Walimu na wauguzi wangapi wanawake wamepangiwa kazi mbali na kwao na wanakodi kwa heshima zao? Na huyo halati usimuache. Watoto sita wanahitaji mtu wa kuwasomesha hesabu Jumamosi.

Bint Wete: Allah akulipe. Nitamsomea baba ujumbe huu.

Haraka Haraka: Sijasoma yote ni ndefu. Kwani lazima kwenda kwa sheha?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Fundi Chokaa: Nimepata vyumba viwili Mji Mkongwe, nyumba ya zamani, kodi nafuu kuliko Kiembesamaki. Vyumba ni virefu na vyembamba sana, na ukuta una unyevu. Nichukue? Na kwa nini vyumba vyote kule ni vyembamba?

Mwandishi: Wembamba ni wa boriti. Dari za nyumba zile zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haipatikani ndefu sana, kwa hiyo upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Urefu wa chumba wakajenga walivyotaka.

Unyevu ndio wa kutizama. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua, maji yanaingia na yanatoka. Mtu akija akapaka saruji juu yake, maji yanafungiwa ndani, ukuta unaanza kuoza taratibu. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: ukisikia uwazi, plasta imeachana na jiwe. Halafu panda juu ya paa uone kama linavuja, na tizama ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, ndipo zinapoanza kuoza. Boriti ikiwa imepinda au inamwaga unga, usichukue hata bure. Beit al Ajaib lenyewe, lile jumba la kale pale Forodhani, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Na uliza mwenye nyumba ni nani hasa. Nyumba nyingi kule ni za wakfu, na anayekukodisha anaweza kuwa mpangaji kama wewe.

Fundi Chokaa: Nimepanda leo. Boriti mbili zinamwaga unga. Nimeacha.

Mwandishi: Umefanya vyema. Tafuta Kikwajuni au Miembeni, utabaki karibu na mji.

Mama Nuru: Baba mwalimu, kwenye majirani umesahau sahani. Jirani akikuletea chakula, sahani usiirudishe tupu. Kijana hana kitu, atie hata ndimu tatu au kipande cha boflo.

Mwandishi: Shikamoo mama. Kweli, naliongeza kwenye hatua ya 9. Na Ramadhani majirani watakuletea futari kila siku ukikaa peke yako, basi nunua tende nyingi mapema uwe na cha kurudishia.

Kijana wa Mwera: Kaka, nimesoma yote sasa. Cha choo ndani, Fuoni, maji ya mfereji. Nina laki sita. Jiko nichukue la gesi au la mkaa?

Mwandishi: Sasa tunasikilizana. Laki sita haifiki, tafuta mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu, wapo, hasa ndani zaidi kuelekea mashamba, au ungana na mwenzako. Jiko, chukua gesi, mtungi wa kilo 6 unamtosha mtu mmoja. Paka povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu gesi inavuja, funga. La mkaa ukilitumia, lipikie nje. Usilale nalo ndani milango imefungwa hata usiku wa mvua, hewa yake inaua na hutaisikia harufu. Na mama umeshamwambia?

Kijana wa Mwera: Bado. Leo baada ya Isha.

Mwandishi: Basi dalali asubiri mpaka kesho.