Rekodi au dhahabu? Jinsi ya kupanga msimu wa mita 1,500

Anza na kalenda, saa ya mkononi baadaye. Fainali ya ubingwa imeshapangiwa siku na uwanja, nayo haimsubiri mtu. Rekodi unaichagulia siku mwenyewe. Kwa hiyo panga dhahabu kwanza, kisha itafutie rekodi nafasi. Anayefanya kinyume hufika Agosti na miguu iliyoishia Juni.

Katika mwaka wa Olimpiki au Mashindano ya Dunia, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya fainali. Nafasi nzuri ya rekodi ni wiki nne hadi sita kabla. Faith Kipyegon alivunja rekodi ya maili Monaco tarehe 21 Julai 2023 kwa 4:07.64, na siku 32 baadaye akatwaa dhahabu ya mita 1,500 Budapest. Mwaka 2024 aliweka rekodi ya dunia ya wakati huo ya mita 1,500, 3:49.04, Paris tarehe 7 Julai, akarudi jiji hilohilo tarehe 10 Agosti kuchukua dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki. Hapo ni siku 34. Muda huo unatosha wiki moja ya mbio nyepesi, wiki mbili za kazi ngumu, na siku kumi hivi za kupunguza mazoezi. Ukijaribu rekodi siku kumi na mbili kabla ya mchujo, mwili utaingia uwanjani ukiwa bado na deni.

Nafasi nyingine ni baada ya ubingwa, ukiwa moto bado na presha imeshuka. Wilson Kipketer alifanya hivyo 1997: alishinda ubingwa wa dunia wa mita 800 Athens, kisha mwezi huohuo akaishusha rekodi mara mbili, 1:41.24 Zurich na 1:41.11 Cologne. Ya tatu ni mwaka usio na Olimpiki wala Mashindano ya Dunia. David Rudisha aliutumia 2010 kwa rekodi mbili za mita 800: 1:41.09 Berlin, na wiki moja baadaye 1:41.01 Rieti.

Mazoezi ya malengo haya mawili hayafanani, na hapo ndipo makocha wengi huteleza. Chukua mwanamume anayelenga 3:30. Hiyo ni sekunde 56 kwa mzunguko wa mita 400, 42 kwa kila mita 300. Kwa ajili ya saa, kimbia mita 300 mara nne kwa 42 kamili, pumziko dakika moja, pumzika dakika tano, rudia seti. Ukitoka 40 umekosea sawa na aliyetoka 44, maana unachofundisha mguu ni usawa wa kasi. Kwa ajili ya medali, kimbia mita 600 kwa 1:33, kisha bila kusimama ongeza mita 400 kwa 53 au 54. Rudia mara tatu, pumziko dakika kumi. Na angalau mara moja kabla ya kusafiri, fanya kazi ngumu tatu ndani ya siku nne. Tokyo 2025 wanawake wa mita 1,500 walikimbia mchujo tarehe 13 Septemba, nusu fainali 14, fainali 16.

Fanya pia mazoezi ya kukaa ndani ya kundi. Kukimbia leni ya pili kwenye kona moja tu kunakuongezea karibu mita 3.8, yaani zaidi ya nusu sekunde kwa kasi hiyo. Kona tatu za namna hiyo na medali imeondoka.

Siku ya rekodi tafuta jioni tulivu, joto la wastani, na waweka kasi wawili, yaani wakimbiaji wa kukuongoza kwa mwendo uliopangwa kisha wajitoe: mmoja hadi mita 800, mwingine hadi 1,000 au 1,200. Waandikie muda wa kila mita 400 kwenye karatasi na uwasikie wakiurudia. Kosa la kawaida ni mzunguko wa kwanza wa 53 badala ya 56. Deni hilo hulipwa mita 300 za mwisho, kwa riba. Kagua unene wa soli ya spaiki, viatu vyako vya misumari, usizidi milimita 20. Kwa wanawake, mwanamume hawezi kuweka kasi uwanjani katika umbali huu na muda ukatambuliwa. Na kipimo cha doping kifanyike baada ya mbio, la sivyo hakuna rekodi.

Kwenye ubingwa waweka kasi hawapo. Hicham El Guerrouj, mwenye rekodi ya 3:26.00, alipoteza dhahabu ya Sydney 2000 kwa Noah Ngeny aliyemaliza kwa 3:32.07. Filbert Bayi aliongoza mwanzo hadi mwisho Christchurch 1974, akashinda kwa rekodi ya dunia ya 3:32.2, Rudisha naye akafanya vivyo hivyo kwenye mita 800 London 2012. Waheshimu, usiwaige bila injini yao.

Rekodi itangulie kwa mtu mmoja: aliyekosa nafasi tatu za timu kwenye majaribio ya taifa, au asiye na kasi ya mwisho lakini anayevumilia mwendo mkali. Huyo asipoteze msimu akisubiri medali.

Jiwekee majaribio mawili tu kwa msimu. Na kabla ya kila moja, kubaliana na kocha juu ya alama ya kuacha: ukipita mita 800 ukiwa nyuma ya mpango kwa zaidi ya sekunde moja na nusu, isahau saa, tulia nyuma ya mweka kasi, kimbia kushinda.