Pasaka ya kwanza katika nyumba mpya, Kigoma

Ukihamia nyumba mpya Pasaka ikiwa karibu, kabla hujawaza mapazia, nenda kapige hodi kwa jirani. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kimeagiza: watu wa nyumba wakiwa wachache kwa mwana-kondoo mmoja, washirikiane na jirani wa karibu. Sisi tunaoshika Pasaka ya Biblia, jioni ya siku ya 14 ya Abibu, mwezi wa kwanza wa kalenda ya Biblia, hapa Gungu tunafanya hivyohivyo: nyumba mbili, mbuzi mmoja. Beberu wa mwaka mmoja anakubalika sawa na kondoo. Nami humwomba mzee wa nyumba ya pili, Mwislamu, atuchinjie, ili mtaa mzima ule kwa amani. Mzee kama huyo aambiwe mapema, asishtukizwe asubuhi ya siku yenyewe.

Kitoweo cha ziwani nacho kina hesabu yake. Pasaka huangukia mwezi mpevu, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Basi shuka mwaloni Kibirizi wiki moja na nusu kabla, giza lingalipo, ununue dagaa wakavu na migebuka ya kukausha. Hao utawaunga kwa mawese kwa ajili ya wasiokula mbuzi.

Nyumba mpya ina neema moja: hakuna chachu iliyojificha kabatini. Usiingize hamira, maandazi wala mikate ya dukani mpaka siku saba za mikate isiyochachwa zipite.

Mkate ndio wenye kazi. Washa jiko la mkaa kwanza, kikaango kishike moto, ndipo uguse maji. Wayahudi huhesabu dakika 18 tangu maji yaingie kwenye unga. Zikipita kabla mkate haujaokwa, wanahesabu umechachuka. Kwa hiyo usikande beseni zima. Kanda donge la mikate minne, unga wa ngano na maji matupu, bila mafuta. Sukuma mwembamba kuliko chapati, utoboetoboe kwa uma usivimbe, uweke kwenye kikaango kikavu. Ukiona madoa ya kahawia na kingo zinakakamaa, geuza. Ukiukunja ukakatika kwa mlio, umeiva.

Kwa mboga chungu chukua mnafu, uuchemshe bila karanga wala nazi. Watoto watakunja uso. Waache waonje, uchungu huo ndio utumwa wa Misri wenyewe.

Nyama huchomwa, haichemshwi. Mvua za Aprili haziaminiki, kwa hiyo jiko likae barazani chini ya bati. Kinywaji: zabibu kavu nusu kilo, maji lita mbili, chemsha, ponda, chuja. Kwa desturi ya Kiyahudi kila mtu hunywa vikombe vinne, basi tafuta vidogo.

Viti havijafika? Tandika mikeka. Mtoto mdogo kuliko wote aulize kwa nini usiku huu si kama mwingine, na mkubwa ajibu kwa kusimulia, taratibu, njaa isubiri. Kwangu mimi hiyo ndiyo Pasaka, na nyama inafuata nyuma.

Nyama isilale hadi asubuhi. Vijana wapeleke sahani zilizofunikwa kwa majirani usiku huohuo, mabaki yachomwe moto. Na kabla sahani hazijatoka, kila moja itie alama ya rangi ya kucha kwa chini, maana bado hujajua vyombo vya nani ni vipi.